MUMmerGPU: tuamini 10 ao 3,5?

Hii programu ya 2007 inatafuta vipande vya ADN ndani ya jenomu, sawa vile unatafuta neno ndani ya kitabu kinene, lakini kwa kadi grafiki: maelfu ya vipande vinatafutwa pamoja. Watu wanashika tu "mara 10 kuliko prosesa". Eh, ile 10 ni ya hatua ya kulinganisha peke yake! Ukihesabu kazi yote, kusoma faili na kujenga mti wa jenomu ndani, waandishi wenyewe wanatoa 3,5. Nawasifu kwa kuandika zote mbili. Sisi wa agronomia tunaotafuta virusi vya mihogo, tunangojea kazi yote iishe. Kwenye dosie ya kuomba kadi, mimi nitaandika 3,5.