Pale Kisu Kinapojizuia

Mtu anapara samaki, mwiba unamchoma kidole cha shahada. Tundu lenyewe halionekani, kazi inaendelea. Usiku wa pili kidole kinapwita, usingizi hauji. Nyumbani wanasema ni mdudu, na mara nyingi huwa kweli: usaha kidogo kando ya ukucha. Daktari wa mikono, hata hivyo, anataka kujua mambo manne. Je, kidole kimejikunja chenyewe? Kimevimba chote, kuanzia shina hadi ncha? Akibonyeza upande wa kiganja, maumivu yanafuata njia ya kano? Na akikinyoosha taratibu kabisa, mgonjwa anaruka? Zikikutana zote nne, usaha huenda umeingia ndani ya ala ya kano, yaani mfuko mwembamba unaoizunguka kano, na hapo saa zinahesabiwa.

Dalili hizo zinaitwa kwa jina la Allen Kanavel, daktari wa upasuaji wa Chicago aliyechapisha kitabu chake cha maambukizi ya mkono mwaka 1912, penisilini ikiwa bado haijagunduliwa. Alisukuma vimiminika ndani ya ala za mikono ya maiti ili aone vinapasukia wapi. Ndiyo maana leo daktari anajua kwamba ala za vidole vitatu vya kati kwa kawaida huishia kiganjani, ilhali za kidole gumba na kidole cha mwisho hufika hadi karibu na kifundo cha mkono, na mara nyingi hupitiana huko. Uchafu ulioingilia kidole cha mwisho unaweza kuzukia kwenye gumba. Nani angekisia bila kupasua?

Ndani ya ala hamna nafasi. Usaha ukijaa unabana vijishipa vinavyoilisha kano, na kano inakufa. Ikinusurika, inagandamana na kuta zake na kidole kinakakamaa. Mara nyingi mhalifu ni bakteria wa kawaida wa ngozini, stafilokokasi. Mwenye kisukari ana hatari zaidi: madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, wameandika kwa kirefu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliopoteza vidole, hata uhai, kwa kidonda kilichoanza kama mkwaruzo.

Akiwahi, mgonjwa hupewa antibiotiki kwa dripu, mkono ukainuliwa na kufungwa gango, naye akaangaliwa kwa karibu. Isiposaidia, anaingizwa chumba cha upasuaji, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Katika upasuaji mwingi wa mkono, damu hukamuliwa kwa kuviringisha mpira kuanzia vidoleni kwenda juu. Hapa hawathubutu, wasije wakausukuma usaha upande. Wanauinua tu mkono, damu ishuke yenyewe, ndipo wafunge mkanda juu.

Kisha mipasuo miwili midogo: mmoja kiganjani chini ya kidole, mwingine karibu na kiungo cha mwisho. Mrija mwembamba unapenyezwa kwenye ala, maji ya chumvi yanasukumwa polepole. Yanatoka na ukungu, na vipande kama maziwa yaliyokatika. Yanasukumwa tena na tena, mpaka yatoke maangavu.

Kwa nini wasikifungue kidole chote na kukisafisha mara moja? Kano imeshikiliwa mfupani na pete ngumu, na mbili kati ya hizo, ile ya pingili ya kwanza na ile ya pingili ya kati, hazina mbadala. Zikikatwa, kano inauacha mfupa kila kidole kinapokunjwa, na nguvu ya kushika inapotea. Ala iliyooza sana hulazimu kufunguliwa zaidi, lakini hata hapo kisu hujitahidi kuzizunguka pete hizo.

Halafu anakuja mtu asiyetajwa sana, mtaalamu wa fiziotherapia. Jeraha halijapona, maumivu bado yapo, naye anamwambia mgonjwa akunje kidole, anyooshe, akunje tena, leo na kesho na wiki zijazo. Mgonjwa anamnunia. Lakini anayekataa atabaki na kidole kisafi kisichoweza kufunga kifungo cha shati.