Heko kwa Wapaka T Nyekundu

Nakivulia kofia Den Norske Turistforening, chama cha watembezi cha Norwe kilichoanzishwa mwaka 1868. Kiangazi kikifika, mzazi hutoka na watoto akiongozwa na herufi T nyekundu zilizopakwa kwenye mawe na watu wa kujitolea. Vibanda vya chama vimepita 550. Vingi havina mhudumu: mwanachama hufungua kwa ufunguo wake, na palipo na ghala la chakula huchukua anachohitaji, akaandika alichotumia, akalipa. Hakuna anayemchungulia. Kuaminiwa huko, mbele ya watoto wanaotazama, hunigusa kuliko milima yenyewe. Na familia ya Oslo isiyo na gari? Hupanda treni ya mjini hadi Frognerseteren, ikashuka mlangoni pa msitu.