Kulizima Jua ili Liwake: Picha ya Ziwa kwa Mtindo wa Monet

Picha ya kuanzia ni ya kawaida mno: jioni, Ziwa Victoria pale Mwanza, jua linazama nyuma ya Jiwe la Bismarck. Simu imelifanya jua kuwa doa jeupe na jiwe kuwa jeusi tii. Wengi hapo hubonyeza filta ya mchoro wakaridhika. Filta nyingi hulainisha kingo tu. Mwanga na giza vinabaki palepale, na kinachotoka ni picha ya simu iliyolowa maji.

Mchoraji Claude Monet alipochora bandari ya Le Havre mwaka 1872, katika mchoro wa Impression, soleil levant, jua lake hakulipa mwanga mkali kuliko mawingu yanayolizunguka. Margaret Livingstone, mtafiti wa ubongo na macho wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilionyesha hilo: ukiuondolea mchoro rangi zote ukabaki kijivu, jua karibu litoweke. Kinacholitenga na anga ni rangi peke yake, chungwa juu ya kijivu chenye ubuluu. Ndiyo maana ukilitazama linatetema.

Kwa hiyo katika programu ya Krita nilianza kwa kulipunguzia jua mwanga na kulikoleza chungwa, anga nikalisogeza kwenye buluu iliyofifia, kisha nikaiondolea picha rangi kupima. Jua likionekana bado, kazi haijaisha.

Jiwe lilikuwa gumu zaidi, maana weusi ule ulikuwa unaua kila rangi iliyo jirani. Weusi wote umetoka. Mahali pake pamekaa zambarau na buluu iliyokoza, na ukingo unaoelekea jua umepata waridi kidogo.

Kwa maji, mwalimu ni michoro ya La Grenouillère ya mwaka 1869, Monet na mchoraji mwenzake Renoir walipochora kando ya Mto Seine: mapigo ya brashi yaliyolala, mapana karibu na mtazamaji, membamba kadiri maji yanavyokwenda mbali. Chungwa liwekwe kando ya buluu bila kukorogwa. Ukikoroga unapata tope.

Ukitaka kujaribu, chagua picha ya asubuhi yenye ukungu. Ile ya jua la utosi ina vivuli vikali, na utamaliza muda wote ukivifuta.