Pumzi na Tenki Lililofichwa Mchangani

Ukiuliza watu filamu ya Kenya iliyothubutu kubuni kesho, wengi watakutajia Pumzi ya Wanuri Kahiu, na inastahili. Ilitoka 2009, ni ya dakika 20 hivi tu, lakini picha zake hazikutoki kichwani. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji, watu wamejifungia ndani ya mji uitwao Maitu. Mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe tena. Umeme unatoka kwa watu wanaotoa jasho kwenye mashine za mazoezi. Wanaongea kupitia kompyuta, midomo imefungwa. Na ndoto? Kuna tembe za kuzizima.

Uzuri wake ni kwamba haiulizi kama teknolojia ni nzuri au mbaya. Inauliza nani ameshika mfereji. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, mbegu inachipuka, na wakubwa wanamkataza kutoka nje kutafuta ulikotoka. Mashine zinazomweka hai ndizo hizo hizo zinazomgeuza betri.

Ugomvi wangu uko nje ya ukuta. Pumzi inaonyesha ukame kama utupu: mchanga, jua, basi. Mimi nikiuona mchanga ule nawaza Kitui na Makueni. Kule mto ukikauka haujaisha, umeingia chini tu. Wakamba wamefukua visima kwenye mchanga wa mito tangu zamani. Hata ndovu hufukua. Ujuzi huo umezaa kifaa kisicho na skrini wala betri: bwawa la mchanga.

Hebu fikiria. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wa msimu, pale mwamba ulipo karibu. Mvua ikija, matope mepesi yanapita juu ya ukuta, mchanga mzito unatuama nyuma yake. Baada ya misimu kadhaa bwawa limejaa mchanga hadi juu, na mgeni atadhani mradi umekufa. Kumbe ndio umeanza kazi. Maji yanakaa kati ya chembe, robo ya ujazo wote au hata zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawapati pa kutaga, na mchanga wenyewe unayachuja. Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa haya na wanakijiji tangu miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni kuna kazi ya Utooni, kikundi alichoanzisha Joshua Mukusya na majirani zake 1978. Mawe yanabebwa kwa mwethya, kazi ya pamoja, na wengi wanaoyabeba ni akina mama.

Hapo ndipo filamu inanipungukia. Maitu kwa Kikikuyu ni mama. Sisi Wakamba tunasema mwaitu. Mji umepewa jina la mama, halafu Asha anaachwa apande mti peke yake jangwani, shujaa mmoja na jasho lake. Bwawa la mchanga halina shujaa mmoja. Lina kamati, daftari la mahudhurio, na mabishano kuhusu zamu ya nani. Ni vigumu kuyapiga picha hayo yakapendeza, nakubali. Lakini huko ndiko swali la mfereji linakojibiwa kila wiki.

Jambo moja Pumzi iliona mapema: mji unaojifungia na kunywa. Malori yamekuwa yakizoa mchanga kwenye mito ya Makueni kulisha ujenzi wa Nairobi, na lori likiondoka na mchanga limeondoka na tenki lenyewe. Watu wamekufa katika ugomvi huo. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Vita vya maji ndivyo hivyo, havikungoja miaka 35.

Ukuta wa bwawa na ukuta wa ploti ninayopanga Nairobi umejengwa kwa vitu vilevile, saruji na mchanga. Mmoja unashika maji, mwingine huenda umeyahamisha. Kahiu alituchorea Maitu ili tuiogope kesho. Mtu anayeishi kando ya mto Kaiti akiutazama mji wetu, sidhani atahitaji kuelezwa Maitu iko wapi.