Ukuta Kabla ya Rangi

Fundi hodari wa rangi utamjua kwa muda anaokaa na ukuta kabla hajafungua mkebe. Kiamunyi na Lanet, mitaa ya Nakuru, nyumba zinaota kila upande, na mwenye nyumba ana haraka ya kuhamia: plasta si imeshakauka, mbona tusipake Jumamosi? Fundi anayeijua kazi huweka kiganja ukutani, akisikia ubaridi anasema bado.

Ana sababu. Plasta ya simiti na mchanga humwagiliwa maji siku kadhaa ili ishike, kisha huachwa ikauke. Mafundi wengi huhesabu wiki nne, lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi, na mvua za Machi hadi Mei huirefusha hesabu hiyo. Tena simiti changa ni kali. Alkali yake huila rangi ya mafuta mpaka ikawa laini na kunata. Maji nayo yakitoka ukutani hubeba chumvi na kuiacha juu, nyeupe kama unga. Hiyo hufagiliwa kwa brashi kavu, kwani ukiiosha itayeyuka na kurudi ndani. Mwenye shaka hubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zimezibwa kwa selotepu, hadi kesho yake. Kikiwa na umande kwa ndani, asubiri.

Kinachonivutia zaidi ni skimu, tabaka la kulainisha plasta. Simiti nyeupe hupakwa nyembamba sana, mwiko umelazwa karibu ulale kabisa; mkono wa kwanza huenda juu na chini, wa pili hukata kwa upana. Ikikauka, fundi hufunga pazia na kuweka tochi ubavuni mwa ukuta. Mwanga ukipita hivyo kando, kila kinundu hutoa kivuli na kila shimo huonekana. Anazungushia penseli, anapiga msasa, anarudisha tochi. Ukuta uliodhaniwa umenyooka mchana kutwa huanza kukiri mawimbi yake, na yeye hachoki kuyafuata moja moja. Baadaye hupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, maana rangi iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki ukuta.

Mkono wa kwanza wa rangi ya maji huzimuliwa kwa maji ili uingie ndani. Ukipakwa mzito, ukuta wenye kiu hufyonza maji yake na kuiacha rangi juu juu, mwakani ibanduke. Kona hutangulizwa kwa brashi, na rola hufuata kabla ukingo haujakauka, la sivyo michirizi itabaki.

Kisha kuna suala la mng'ao. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, masalia ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Madini ya aina hiyo hutiwa katika rangi ili kupunguza mng'ao. Rangi isiyong'aa husitiri kasoro ndogo. Ya silki, yenye mng'ao, huzianika zote. Kwa hiyo anayekubali kupaka silki sebuleni anauamini ukuta wake.

Mwenye nyumba, mnapopatana bei, zihesabu siku za msasa na za kungoja kuwa siku za kazi, uzilipe. Na kazi ikikupendeza, mtaje fundi kwa majirani. Mafundi wengi hupata kazi inayofuata kwa njia hiyo tu.