Sifa ya Grisi

Katika kazi zote za fundi wa pikipiki, sijui iliyo ndogo zaidi machoni pa mwenye chombo, na kubwa zaidi katika matokeo yake, kuliko ile ya kupaka grisi kidogo katika hesi za bolti kabla ya kuirudisha mahali pake. Kazi hiyo haiongezi mwendo, haipunguzi moshi, wala haing'arishi rangi. Mwenye pikipiki hulipa ujira akaenda zake bila ya kujua kama imefanywa au haikufanywa. Na faida yake hudhihirika baada ya mwaka au miaka, aghalabu mikononi mwa fundi mwingine asiyemjua yule wa kwanza, pale atakapotia spana na bolti ikamtii. Naisifu kwa kuwa naiona ni amana ipitayo baina ya watu wasiokutana, na kwa kuwa kuchagua grisi ifaayo ni elimu kamili, yenye sababu zake na mipaka yake.

Akaaye bara aweza kuipuuza elimu hiyo kwa muda asidhurike sana. Sisi wa pwani hatuna nafasi hiyo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi, huichukua chumvi hiyo katika manyunyu yasiyoonekana, ukaiweka juu ya nondo za madirisha, juu ya mabati ya mapaa, na ndani ya kila pikipiki iliyoegeshwa uchochoroni Malindi ya Unguja au ingojayo kivuko Likoni. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Unyevu hupenya baina ya bolti na tundu lake. Na humo hufanya madhara ya namna mbili. Ya kwanza ni kutu, ambayo ujazo wake huuzidi ule wa chuma kilicholiwa kwa mara mbili na zaidi, hata bolti ikabanwa na mabaki ya mwili wake yenyewe, isende mbele wala isirudi nyuma. Ya pili ina hila kubwa zaidi. Bolti ni ya chuma, na injini ambamo hukazwa ni ya alumini. Na metali mbili za asili mbalimbali zikigusana ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme hafifu, kama ule wa betri, ambao huila metali moja kwa usalama wa nyingine. Hapa alumini ndiyo iliwayo. Ule unga mweupe auonao fundi akifungua kifuniko cha injini kilichokaa miaka si uchafu wa njiani. Ni mwili wa injini uliogeuka.

Jambo hili lilijulikana kabla ya kuwako pikipiki, na kabla ya wataalamu kujua umeme huo ni kitu gani. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manowari yao iitwayo Alarm mabati ya shaba ili kuikinga na wadudu watoboao mbao, nayo ikatumwa katika visiwa vya Karibi. Ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilionekana njema, lakini misumari ya chuma iliyoshikana nayo ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa mahali pamoja na pengine ambapo karatasi ya hudhurungi, iliyofungiwa mabati na kusahauliwa isiondolewe, ilikaa katikati ya shaba na chuma. Karatasi ile dhaifu iliokoa kilichokuwa chini yake kwa kuitenga metali moja na nyingine na kuzuia maji yasiziunge. Kwangu mimi, grisi katika hesi za bolti hufanya kazi ya karatasi ile.

Lakini grisi ipi? Mwenye duka la vipuri atakupa kopo lolote, na mafundi wengi hutumia kopo hilo moja kwa kila kitu. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni yasichuruzike, na tabia yake katika maji hutokana zaidi na sabuni kuliko mafuta. Iliyoshikwa kwa sabuni ya sodiamu huvumilia joto kiasi, bali maji huiyeyusha, na kwa hiyo haina kazi pwani. Ile ya lithiamu, ambayo Mmarekani Clarence Earle aliipatia hataza mwaka 1942, imeenea duniani kote kwa sababu hustahimili joto na maji kwa wastani, na ndiyo aghalabu iliyomo katika kopo hilo la dukani. Ile ya kalisiamu huyakataa maji kuliko zote mbili, ijapokuwa ya kawaida hulegea mapema ikikaribiana na moto.

Hiyo ya mwisho inastahili heshima ya pekee kwetu, maana ni jamaa ya kitu tulichokuwa nacho zamani. Waundaji wa majahazi hupaka chini ya chombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na mbao za juu hupakwa mafuta ya sifa. Chokaa ikikutana na shahamu huzaa sabuni ya kalisiamu isiyoyeyuka majini, na chokaa na mafuta ndiyo asili ya grisi ya kalisiamu kiwandani. Kijana wa Nungwi apitaye na pikipiki yake kando ya vyombo vinavyoundwa ufukoni, akiwa na kopo la grisi hiyo mfukoni, amechukua ilimu ileile waliyoitumia babu zake dhidi ya adui yuleyule.

Penye moto hukumu hubadilika. Nati za ekzosi huchoma grisi ya kawaida ikabaki makaa, na hapo hutakiwa ile yenye unga wa metali ubakiao baada ya mafuta kuungua. Ile ya shaba ndiyo maarufu, nami naikubali kwa nati hizo, chuma juu ya chuma. Lakini siikubali ndani ya alumini kwa watu wa pwani. Shaba i mbali zaidi na alumini kuliko chuma kilivyo, na siku chumvi itakapopenya, unga uliowekwa kwa ulinzi utasaidia ulaji. Kwa hiyo upande wa stadi ya ekzosi uingiao katika silinda hedi nauchagulia ile yenye unga wa alumini. Kosa la namna hiyohiyo hufanywa na wanaonunua bolti za stenlesi wakidhani wameagana na kutu: bolti hubaki safi, na injini huliwa kwa kasi zaidi, isipokuwa imetengwa kwa grisi. Ama kalipa ya breki za diski, humo mafuta ya kawaida huuvimbisha mpira wa sili. Hapo hutumiwa grisi ya silikoni tu.

Tena kuna adabu ya mkono. Bolti ikikazwa kavu, takriban sehemu tisa katika kumi za nguvu ya spana hupotea katika msuguano, na moja tu ndiyo ibanayo. Grisi huupunguza msuguano, kwa hiyo mkono uliozoea kukaza kavu, ukikaza vilevile hesi zilizopakwa, hubana kupita kiasi, na hesi za alumini hung'oka. Fundi mwenye kipimo cha kukazia hupunguza kiasi kilichoandikwa kwa ajili ya bolti kavu; asiye nacho na asimame mapema kuliko anavyotamani.

Pikipiki ilalayo karibu na bahari isingoje pancha ndipo ijulikane hali ya ekseli yake ya nyuma, ambayo ni ndefu, hupitia metali zaidi ya moja, na ikishika hutolewa kwa nyundo na hasara. Kabla ya masika ichomolewe yote, isuguliwe kwa msasa laini, ifutwe mpaka ikauke, ipakwe utando mwembamba wa grisi ya kalisiamu mwili mzima, na ziada ifutwe isije ikafika kwenye breki. Kisha bolti mbili za kurekebishia cheni, ambazo wengi huzisahau, zifanyiwe vivyo hivyo.