Plagi Mfukoni: Kuitambua Meza ya TV Iliyotengenezwa kwa Akili

Nikienda Kanduyi, hapa Bungoma, kuangalia meza ya TV, mfukoni huwa nina plagi moja kuukuu ya miguu mitatu. Kabla sijauliza bei na kabla sijapapasa vanishi, naizunguka ile meza hadi mgongoni, natafuta tundu la nyaya, kisha naipitisha plagi. Ikipita bila kusukumwa, navuta kigoda tuongee na fundi. Ikikwama, nimekwisha kujua kwamba aliyeitengeneza aliipima meza lakini hakuwahi kuvipima vitu vitakavyoishi ndani yake.

Wateja wengi hawafiki huko nyuma, na siwalaumu. Kwenye mabanda ya maseremala kando ya barabara kuu, ile inayotoka Webuye ikielekea Malaba, fanicha hupangwa uso ukitazama magari. Milango inang'aa, taa za LED zimewashwa mchana kweupe, na mgongo umeegemezwa kwenye mabati. Ilhali kazi yote ya meza hii hufanyika mgongoni. Sofa utaijua kwa kuikalia. Meza ya TV utaijua kwa kuigeuza, na fundi mwenye imani na kazi yake hatakuzuia. Atakuja akushikie upande wa pili.

Tuliokua miaka ya 1980 na 1990 huku Magharibi tunakumbuka TV iliyokuwa na nyumba yake. Lilikuwa sanduku la mbao lenye milango miwili na kufuli, kitambaa cha kufuma juu, na ndani Greatwall ya inchi 14 isiyo na rangi. Betri ya gari ilikaa chini, waya mmoja ukapanda kwenye TV, mwingine ukatoka dirishani hadi kwenye antena iliyofungwa juu ya mti. Basi. Seremala wa wakati ule hakuwa na cha kuficha ila skrini yenyewe. Leo hesabu vilivyomo sebuleni: TV, dikoda (ambayo ilienea majumbani matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015), wufa na spika zake, rauta, chaja za simu za watoto na za wageni. Kila kimoja kina waya wake wa umeme, na vingine vina nyaya za kuunganishwa na wenzake. Vyote hivyo mwenye nyumba anataka visionekane, na anataka vifanye kazi kwa miaka.

Halafu kuna radi. Mahali pengine mwongozo kama huu ungeweza kuiruka, lakini sisi hatuwezi. Alasiri, wingu linapojikusanya upande wa Masaba, yaani Mlima Elgon, kila nyumba hapa inajua la kufanya: chomoa TV, chomoa dikoda, chomoa na waya wa antena. Kuzima swichi hakutoshi. Pengo lililo ndani ya swichi ni la milimita chache, na umeme ulioruka kutoka mawinguni hauzuiwi na milimita chache.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa mbele. Mgongo ulikuwa umepigiliwa plaiwudi kuanzia juu hadi chini, ekstensheni imefungiwa ndani, na soketi ya ukutani ikabaki nyuma ya fanicha ambayo watu watatu waliibeba kwa shida. Aprili moja mvua ilikuja ghafla. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono ubavuni ukafika kiwikoni, vidole vikaigusa plagi lakini havikuweza kuishika. TV na dikoda ziliungua jioni ile, na harufu ya plastiki ilikaa sebuleni siku mbili. Tangu hapo nina kipimo ninachokitanguliza mbele ya vyote: nyaya ziyakimbie macho, lakini zisiukimbie mkono.

Kwa hiyo, meza ikiwa bado iko kwa fundi, isogeze hadi ukutani kama itakavyokaa nyumbani. Simama mbele yake, funga macho, peleka mkono pale plagi kuu itakapokuwa. Ukifika bila kuinama sana na bila kuondoa kitu chochote, huyo fundi aliwahi kufikiria radi. Wazuri kuliko wote huiacha sehemu ya mgongo iliyo mkabala na soketi wazi kabisa, au huweka kidirisha cha plaiwudi kinachoshikwa na kibao kidogo kinachozungushwa kwenye skrubu moja. Nimekiona kibao hicho kikiwa kimepigwa msasa na kupakwa vanishi sawasawa na milango ya mbele, ingawa hakuna mgeni atakayekiona. Hapo nilinunua.

Turudi kwenye tundu. Tundu la sentimita 4 litapitisha waya uliokatwa kichwa tu, na mteja akifika nyumbani atalazimika kukata plagi na kuifunga upya, au atachukua kisu na kulipanua mwenyewe. Taka la sentimita 6 au 7. Pitisha kidole kwenye ukingo wake. Ukingo uliokatwa kwa msumeno wa mduara ukapigwa msasa ni laini kote. Uliotobolewa kwa patasi na nyundo una meno, na meno hayo yatakuwa yakisugua ganda la waya kila wufa inapotetemesha meza. Usikubali kuambiwa kwamba kifuniko cha plastiki kitayaziba. Kiondoe uone kilichoko chini. Matundu yawe zaidi ya moja, maana nyaya za umeme zinapaswa kushuka upande mmoja na za antena na spika upande mwingine. Zikifungwa pamoja kama kuni, spika huweza kunguruma hata wimbo ukiwa umekwisha.

Ndani, angalia kama kuna mahali pa ekstensheni. Fundi wa kawaida anaiacha ilale sakafuni, ambako siku ya kupiga deki itakutana na maji. Fundi makini anaweka kibao chembamba nyuma ya rafu, juu ya sakafu kiasi cha shibiri moja, na kuifunga hapo kwa skrubu mbili, swichi yake ikitazama upande ambao mkono unaingilia. Na tafadhali usiiviringishe ekstensheni kama kamba ya ng'ombe ukaisokomeza pembeni. Waya uliojiviringa huku ukibeba umeme mwingi huhifadhi joto, na joto hilo halina pa kwenda. Nunua fupi.

Joto ndilo adui mwingine wa meza hizi. Dikoda iliyo kazini hupata uvuguvugu unaowapendeza mende, nao huja kulala ndani yake. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo tundu moja katikati ya mgongo halisaidii sana. Kila chumba cha meza kinahitaji njia ya hewa chini na nyingine juu, na nafasi ya upana wa kiganja juu ya kifaa. Vitambaa vya kufuma navipenda, mama zetu walivitolea macho na usiku wao, lakini juu ya dikoda na rauta havina kazi. Viwekwe kwenye sofa.

Milango nayo inataka mjadala. Mlango wa mbao au MDF unakata mwali wa rimoti, kwa hiyo mwenye nyumba ataishia kuuacha wazi kila jioni, na kuficha kote kunakuwa bure. Mlango wa vijiti vilivyopangwa kwa nafasi, au fremu iliyowambwa kitambaa chepesi kama kile cha spika, huficha kifaa na kuupisha mwali. Ubora wake unaujua kwa kujaribu: nenda na rimoti na dikoda yako, au angalau mulika tochi ya simu kutoka ndani usiku uone mwanga unavyopenya. Rauta haina shida na mbao, ila ikiwekwa nyuma ya kioo cha kujitazamia au bati, mtandao chumbani utalegea. Meza zenye mgongo wa kioo zinapendeza sana dukani. Weka rauta yako juu yake, usiiweke ndani.

Sasa mbao, ambazo wengi huanza nazo na mimi nimezichelewesha kwa makusudi. Kiini cha mvule hakina mpinzani kwa kustahimili wadudu, na ile mbao nzito ambayo mafundi huiita Elgon teak ina mistari ya kahawia iliyokolea ambayo hakuna rangi ya kopo inayoweza kuiiga. Lakini mbao nzuri iliyokatwa jana ni mbao mbaya. Mbao mbichi itakauka ikiwa sebuleni kwako, itajivuta, na viungo vitaachana. Tazama vumbi chini ya msumeno wa fundi unayetaka kumpa kazi. Lichote, lifinye mkononi. Vumbi la mbao kavu litatawanyika ukifungua kiganja. La mbao mbichi litabaki limeshikamana kama unga uliotiwa maji. Kisha gusisha kipande cha mbao hiyo shavuni. Ikiwa baridi kuliko mbao nyingine za pale bandani, iache ikae.

Kitale iko juu zaidi na ina baridi kuliko Bungoma, na mbao iliyopangwa kule huendelea kukauka ikishuka huku. Fundi mzuri hununua mapema, anazipanga kwa vijiti katikati hewa ipite, na hana aibu kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Nimewahi kumsihi mmoja aanze mara moja kwa sababu nilikuwa na wageni. Akaniambia, "Mwalimu, wageni wataondoka, meza itabaki." Nikasubiri.

Angalia viungo ukiwa na mwanga wa pembeni. Ulimi ulioingia sawasawa kwenye tundu lake huacha mstari mwembamba kama unywele. Ulioingia ukiwa mdogo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, na chini ya vanishi kiraka hicho huonekana kufifia, hakiupokei mwanga kama mbao iliyo kando yake. Kiraka kimoja kidogo nakisamehe. Vitano vikiwa kwenye meza moja, ondoka. Tafuta pia vitundu vidogo vyenye unga mweupe chini yake, hasa kwenye mbao nyeupe ya pembeni ya gogo: hao ni dumuzi, na utawapeleka nyumbani wakakutane na fanicha zako nyingine.

MDF siidharau. Hukatwa kwa usahihi, hushika rangi vizuri, na kwa milango mipana haijikunji. Udhaifu wake ni maji. Ukingo uliokatwa ukiachwa bila kuzibwa hufyonza deki ya kila asubuhi, na baada ya miezi huvimba kama mkate. Kwa hiyo lala chini uangalie unyayo wa meza. Iwe na miguu ya mbao au ya plastiki inayoinua MDF kutoka sakafuni, na kingo zote zizibwe, hata zile za chini na za nyuma. Upana nao upime kwa futi, usiamini inchi za TV, maana zinapimwa kona hadi kona: TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, na miguu yake mara nyingi iko karibu na ncha. Meza ya sentimita 120 huenda isiibebe.

Mafundi wa Pwani waliujua ufundi huu wa kuficha kabla umeme haujafika. Kasha la zamani lenye misumari ya shaba mara nyingi lilikuwa na kidroo kilichofichwa nyuma ya vidroo vinavyoonekana; mgeni angepekua asione kitu, na mwenye kasha alijua ubao wa kuusogeza. Na zidaka za nyumba za mawe za Lamu zilifanywa ndani ya ukuta, kila bakuli la kauri likapata mahali pake. Hili la pili ndilo ninalowasisitizia wanaojenga sasa hivi na kutaka TV ining'inie ukutani, nyuma yake jipsamu au vibao vya mistari. Njia ya nyaya iamuliwe kabla ya plasta. Soketi iwe nyuma ya TV yenyewe, ili waya wake wa umeme usizikwe ukutani. Nyaya nyingine zipite ndani ya paipu, na paipu ipande wima au ilale mlalo moja kwa moja, ili atakayetoboa ukuta baadaye ajue pa kukwepa. Kipimo chake ni rahisi: vuta waya wa HDMI ukiwa chini, mwenzako atazame juu kama unacheza. Usipocheza, umezikwa kwenye saruji, na siku ukiharibika utabomoa.

Meza niliyoinunua kwa ajili ya kile kibao iko kwa mama yangu sasa. Magoti yake hayakunjiki tena. Wiki iliyopita tulikuwa tunakunywa chai, mwanga ukabadilika mlangoni, akatazama nje upande wa mlima. Aliinuka, akaegemea meza kwa mkono wa kushoto, wa kulia akaupitisha ubavuni bila kuangalia. Nilisikia kibao kikizunguka, kisha plagi ikitoka, kisha waya wa antena. Akarudi akaketi, chai yake bado ina moshi.